Namna ya Kumhudumia Mgeni Bia ya Moshi

Chupa sita za bia ya moshi zilifika kaunta yetu, katika hoteli moja ya ufukweni kaskazini mwa Unguja, ndani ya sanduku la mgeni aliyetoka Bamberg, Ujerumani, ambaye aliwaachia wahudumu zawadi hiyo siku aliyoondoka. Kwa kuwa hakuna aliyetueleza lolote, tulizichanganya na bia nyingine kwenye barafu, na jioni yake tukamfungulia moja mgeni aliyeomba kitu asichowahi kukionja. Alipiga funda la kwanza, akakunja uso, akasema ni kama maji yaliyozimiwa kuni. Bilauri ikabaki mezani karibu nusu saa, baridi ikaitoka, na aliporudi kutoka kuogelea akainywa tena, akauliza kama tumembadilishia kinywaji. Hatukuwa tumeigusa.

Mwongozo huu nauandika kwa wahudumu wenzangu ambao huenda wakakutana na chupa ya namna hiyo. Niseme mapema kwamba mimi situmii kilevi. Niliyoyajua nimeyapata kwa pua, kwa kusoma, kwa kuwatazama wageni, na kwa ulimi wa mwenzangu wa kaunta ambaye kwao ni Moshi, jambo lililomletea utani usiokwisha tangu sanduku lile lifunguliwe.

Jambo la kwanza kulijua, ili mgeni akikuuliza usimbabaishe, ni kwamba moshi hautiwi ndani ya chupa wala ndani ya pipa. Unaingia kwenye nafaka kabla bia haijapikwa. Shayiri huloweshwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa ili isiendelee kuota, na hiyo ndiyo kimea. Mwenzangu alielewa mara moja, kwa sababu kwao mbege hutengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi. Bamberg kimea hicho cha shayiri hukaushwa juu ya moto wa magogo ya mti ambao Wajerumani huuita Buche, moshi ukapenya katikati ya nafaka na kuacha harufu yake humo. Zamani hilo halikuwa ajabu: kabla ya kuenea kwa tanuri zinazokausha kwa hewa moto isiyochanganyika na moshi, kimea kingi cha Ulaya kilikaushwa juu ya moto wa kuni, na mnywaji alipata moshi apende asipende. Viwanda vya Schlenkerla na Spezial, vyote viwili vya Bamberg, viliendelea na njia hiyo wakati wengine wengi waliiacha. Kwa faida ya mazungumzo, mji wa kale wa Bamberg uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1993, na Mji Mkongwe wetu ukafuata mwaka 2000. Mgeni wa huko ukimtajia hilo ataongeza kiti ukae, ingawa uko kazini.

Sasa tuje kwenye pua, maana hapa ndipo sisi wa visiwani tunapowazidi wengi. Aliyelelewa katika nyumba yenye chetezo anajua tangu utotoni kwamba moshi una kipimo. Bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akiufukiza mtungi wa maji kwa ubani: anaukausha, anatia punje mbili tatu za ubani juu ya kaa lililokwisha kushika vizuri, kisha anaufudikiza mtungi juu ya chetezo na kusimama hapo hapo, hatoki kwenda jikoni wala haitiki akiitwa. Moshi ulipoanza kuvuja pembeni mwa mdomo wa mtungi, aliuinua. Siku alipochelewa, maji yalikuwa machungu, yakakwaruza koo, na tuliyanywa hivyo hivyo siku mbili. Siku alipowahi, yalikuwa maji tu. Kati ya hizo mbili kulikuwa na maji ambayo ukiyanywa huuoni moshi ulimini. Unaukuta puani baada ya kumeza. Bia ya moshi iliyotengenezwa vizuri, kwa maelezo ya mwenzangu, hufanya vivyo hivyo: moshi hutangulia kwenye harufu, hujificha wakati wa kumeza, kisha hurudi kwa nyuma.

Kinachouzuia moshi usitawale ni utamu wa kimea. Mfano tunao barazani kila jioni. Kahawa chungu peke yake ni mtihani kwa asiyeizoea, lakini ukimega kipande cha halua au kashata kwanza, uchungu ule ule unageuka kuwa starehe, na halua nayo haikinaishi. Bia ya Märzen ya Schlenkerla, ambayo ndiyo tuliyoletewa, ina rangi ya hudhurungi na kilevi cha asilimia 5.1, na utamu wake ni kama ganda la mkate uliookwa hadi ukakolea. Utamu huo ndio halua yake. Uchungu wa hopsi, yaani maua yanayotiwa kwenye bia ili kuipa uchungu, upo, lakini umewekwa chini kidogo, kwa kuwa moshi wenyewe una ukavu na uchungu wake, na machungu mawili yakishindana mnywaji ndiye anayeumia. Poland wana njia tofauti kabisa: bia ya mji wa Grodzisk hutengenezwa kwa kimea cha ngano kilichofukizwa kwa moshi wa mwaloni, nayo ni nyepesi, ina kilevi kidogo na gesi nyingi. Haina utamu mzito wa kuubeba moshi, hivyo gesi ndiyo inayousafisha ulimi baada ya kila funda. Kiwanda chake cha mwisho kilifungwa mwaka 1993, na bia hiyo ikafufuliwa baadaye na wengine. Basi usimwambie mgeni kwamba bia zote za moshi ni nzito na nyeusi.

Wapo watakaonusa na kusema ina harufu ya hospitali, au ya kwa daktari wa meno. Usibishane nao, kwa sababu wana haki, na sababu yake inatuhusu. Kuni zinapoungua, lignini, yaani kile kinachoupa mti ugumu wake, huvunjika na kutoa gwayakoli na siringoli, ambazo ni miongoni mwa vitu vikuu vinavyoleta harufu ya moshi. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, ambayo kwa umbo lake la kikemia ni ndugu wa karibu wa gwayakoli, na waganga wa meno wameitumia kwa muda mrefu kutuliza maumivu. Kwa hiyo pua inayokumbuka meno inakumbuka karafuu bila kujua. Mimi huweka karafuu kavu mbili tatu za Pemba kwenye kisahani, nikamwomba mgeni azisugue kiganjani, anuse, kisha arudi kwenye bilauri yake. Wale niliowafanyia hivyo waliacha kutaja hospitali wakaanza kutaja viungo.

Kuhusu namna ya kuitoa, baridi ndiyo adui mkubwa. Tumezoea hapa kwamba bia isiyo baridi kali ni aibu kwa kaunta, na kwa bia ya kawaida mchana wa jua hilo ni sawa. Baridi kali, hata hivyo, huifunga harufu ya kimea na kuufifisha utamu, ukabaki ukavu wa majivu ambao yule mgeni wetu wa kwanza aliulalamikia. Lenga nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, itoe kwenye jokofu dakika kumi au kumi na tano kabla ya kuifungua, ukiiweka kivulini na mbali na feni. Kwa joto la Zanzibar usizidishe, maana ndani ya nusu saa itakuwa vuguvugu, nayo haitakuwa na raha. Isimiminwe kwenye bilauri iliyotoka kugandishwa. Tumia bilauri safi yenye mdomo mpana kiasi, uilaze unapoanza kumimina na kuisimamisha unapokaribia nusu, ili povu lipande vidole viwili hivi, kwa kuwa harufu huchukuliwa na povu linapopasuka.

Kabla hajanywa, mweleze kwa sentensi moja kwamba moshi unatokana na kuni zilizokaushia nafaka, kisha mwombe anywe mafunda matatu kabla ya kutoa hukumu. Hili si hila ya mwuzaji. Pua huizoea harufu inayoijia mfululizo, kama unavyoacha kuusikia udi wa nyumba uliyokwisha kukaa robo saa, na moshi ukishapungua puani ndipo utamu unapojitokeza. Watu wa Bamberg wenyewe husema hivyo hivyo, isipokuwa wao huhesabu kwa bilauri badala ya mafunda.

Chakula kina nguvu kuliko maneno yako. Pweza wa kubanika, aliyelainika ndani na kuungua kidogo nchani, hupatana nayo vizuri kuliko kitu chochote tulichojaribu, kwa sababu moshi wa makaa hukutana na moshi wa kimea na chumvi ya bahari huuongeza utamu wa vyote viwili. Mishkaki ya ng'ombe hufuata. Samaki wa kupaka nilimtilia shaka, lakini mwenzangu alishikilia kwamba tui zito huuvika moshi nguo laini, na wageni wakamuunga mkono. Urojo usiuthubutu: ukwaju na embe mbichi huufanya moshi uwe mkali, na pilipili huzidisha mwasho wa gesi na kilevi, hata mgeni akadhani bia imeharibika. Ndimu iwekwe kando, si kukamuliwa juu ya samaki kabla. Kwa tamu, halua ya Wete niliyoletewa na shemeji yangu ilizidi mno. Kipande kidogo cha kashata ya nazi kilitosha.

Limebaki neno moja ambalo utalisikia sana, nalo ni kwamba bia hii inanukia nyama ya nguruwe. Mhudumu mwenzetu mmoja aliposikia hivyo aliitua trei mezani na kuinawia mikono. Alivyofanya nilimwelewa, lakini hamna nyama yoyote humo. Kwa Mzungu moshi wa kuni umeambatana na nyama hiyo kwa kuwa kwao huifukiza namna hiyo hiyo, kama ambavyo kwangu mimi moshi ule ulinirudishia mtungi wa bibi. Mgeni akilisema neno hilo, mjibu kwa upole kwamba anachokisikia ni kuni, na asiyependa kuibeba trei hiyo kwa sababu ya kilevi chenyewe abadilishane meza na mwenzake bila makelele.

Chupa zilizobaki zihifadhiwe zimesimama, gizani na mahali pa baridi, kwani jua na joto letu huiharibu bia haraka. Bilauri zake zioshwe peke yake kwa maji ya moto na kukaushwa kwa kuinamishwa bila kufutwa kwa kitambaa, la sivyo mteja wa maji ya machungwa wa kesho asubuhi atakuuliza nani amevuta sigara kaunta. Nilikwisha kuulizwa.