Classic Mini iliyomodifaiwa inauzwa? Ikague hivi kabla hujatoa hela

Watu wakiona tangazo la Mini ya zamani iliyomodifaiwa, rimu pana, imeshushwa chini, rangi inang'aa, viti vya rali, swali la kwanza huwa ni injini ina nguvu kiasi gani. Mi kazi yangu ni kuwakagulia watu hizi gari kabla hawajanunua na naenda kinyume kabisa, naanza na bati, alafu naangalia fundi aliyemodifai alikata nini, injini inakuja baadae. Injini ya Mini ikizingua unaishusha unaweka nyingine maisha yanaendelea, ila bodi iliyooza chini ya rangi nzuri itakula hela mpaka uichukie gari yenyewe.

Naongelea Mini ile ya Uingereza iliyotengenezwa 1959 mpaka 2000, sio hizi mpya za BMW. Zilitoka zaidi ya milioni 5 kwahiyo muuzaji akikupa presha eti hutapata nyingine, utapata.

Hatua ya 1: Kabla hujaenda

Muombe muuzaji picha za chini ya gari, sio za pembeni jua likizama, za chini. Muulize vitu gani vimebadilishwa, nani alifanya, na vile vya zamani viko wapi. Alafu mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa boneti, ikiwa ya moto ujue kuna kitu alitaka kukimaliza kabla hujakiona, subiri ipoe au rudi siku nyingine.

Beba tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi, na nguo za kulalia chini.

Hatua ya 2: Bati (hapa kaa sana)

Mini haina chesesi ya kujitegemea kama pikapu, bodi yenyewe ndo inabeba kila kitu, alafu kuna sabufremu mbili, ya mbele imeshika injini na miguu ya mbele, ya nyuma imeshika miguu ya nyuma. Kwahiyo kutu kwenye Mini sio suala la urembo, ni gari inapoteza mifupa.

Anza na vizingiti vya chini ya milango. Pitisha sumaku taratibu, pale isiposhika kuna fila (ile puti ya kuzibia matundu) badala ya bati. Angalia pia kama kizingiti ni kipana kupita kawaida, kuna mafundi wanachomelea bati jipya juu ya lililooza alafu wanapaka rangi, ndani kutu inaendelea kula na huioni. Inua kapeti za mbele uangalie sakafu pale inapokutana na kizingiti, ingiza mkono kabisa, unyevu ni dalili mbaya. Zunguka kwenye kona za chini za kioo cha mbele, zunguka taa za mbele, chini ya milango, na kile kibati kati ya mlango na tairi ya mbele.

Sasa lala chini nyuma. Sabufremu ya nyuma inakusanya matope na maji na ndo inayooza kuliko ya mbele. Yenyewe imefungwa kwa bolti na inabadilishika, ila angalia bati la bodi inapofungwa, hilo likiwa limeoza kazi ni kubwa. Fungua buti, kwenye Mini betri inakaa huku ndani ya kiboksi kwenye sakafu, maji ya betri yanakilaga hicho kiboksi mpaka kinatoboka. Na waya mkubwa wa betri unapita chini ya gari mpaka mbele, ufuate kwa tochi wote, ukiwa umechubuka ukagusa bati unaweza kuunguza gari, na fundi aliyeshusha gari chini mara nyingi hajaufikiria.

Hatua ya 3: Nini kimekatwa

Hapa ndo tofauti ya Mini ya kawaida na iliyomodifaiwa. Kitu kilichofungwa kwa bolti kinarudishwa, kilichokatwa hakirudi, au kinarudi kwa gharama. Kwahiyo kila badiliko unaloliona jiulize hilo tu.

Kwa mfano ile mishono ya nje ya bodi, vile vikingo vinavyoshuka kwenye kona, wapo wanaoikata na kulainisha ili gari ionekane kama yai. Inapendeza, sikatai. Ila mishono ile ndo inaunganisha mabati, ikiondolewa lazima pachomelewe mfululizo, na mvivu anaziba na fila. Angalia nyufa nyembamba za rangi zilizofuata mstari pale mshono ulipokuwa, ukiziona hata kidogo achana nayo.

Kabureta kubwa ya Weber ya kulala ubavu, ile 45, kwa kawaida haienei mpaka ukate bati linalotenganisha injini na abiria. Angalia kama wamechomelea kiboksi kizuri au wameacha tundu, maana tundu hilo linaingiza moshi, joto na moto ukitokea. Wengine wanaweka injini ya Honda ya lita 1.6 yenye VTEC (mfumo wa Honda wa kubadilisha valvu zinavyofunguka), karibu nguvu za farasi 160 kwenye gari ambayo ilianza na 34 (ya 848 cc). Mimi hizo sizichukii ila swali langu la kwanza ni breki, na la pili ni sabufremu ya mbele nani kaitengeneza. Weldingi yake iwe ya mfululizo na safi, ikiwa na vidonge vidonge hata usiombe kuiendesha.

Hatua ya 4: Rimu na springi

Mini nyingi springi yake ni kipande cha raba, sio koili. Raba ikizeeka inalala, gari inashuka yenyewe, na muuzaji anakwambia "nimeishusha". Muulize imeshushwa kwa kutumia kitu gani, kama kuna vyuma vya kurekebisha urefu utaviona. Hesabu upana wa vidole kati ya tairi na bati kushoto na kulia, visipolingana kuna tatizo.

Zilitoka na rimu za inchi 10, kuanzia 1984 zikawa 12. Ikiwa na 13 pana kata usukani mpaka mwisho kila upande, tairi isiguse popote, alafu kaangalie alama za kusuguana ndani ya madgadi. Rimu pana zinachosha pia beringi za magurudumu, inua na jeki, shika tairi juu na chini, itikise. Kucheza kunaweza kuwa beringi au balljoint, mtu akanyage breki utikise tena, kukipotea ni beringi.

Hatua ya 5: Injini

Iwashe ikiwa baridi. Moshi wa bluu ukiwaka tu alafu ukakata ni sili za valvu, ukiendelea kila ukikanyaga mafuta ni ringi. Kelele kama ya cheni ni cheni ya taimingi, sio msiba. Kishindo kizito kutoka chini ndo msiba.

Kitu cha kuelewa ni kwamba kwenye Mini giaboksi iko chini ya injini na zinatumia oili moja. Vumbi la chuma la gia linazunguka kwenye injini, ndo maana oili inatakiwa ibadilishwe mapema kuliko gari nyingine. Muuzaji akikubali, fungueni nati ya kumwagia oili, ina sumaku. Uji mweusi laini ni kawaida, vipande vinavyoonekana kwa macho hapana.

Hatua ya 6: Barabarani

Endesha angalau nusu saa mpaka ipate moto sawasawa. Toka gia ya tatu rudi ya pili ukiwa na mwendo kidogo, ikilia ni sinkro ya pili (kile kinachofanya gia iingie laini), ugonjwa wa kawaida wa hizi gari. Gia zikiruka zenyewe ukiachia mafuta, giaboksi inashushwa, na kushusha giaboksi hapa maana yake ni kushusha na injini. Gari ikitingishika sana ukiachia klachi angalia bushi za kile chuma kinachoshika injini kwa juu, ni za bei ndogo ila zikiachwa zinavunja eksozi. Geji ya presha ya oili, kama ipo, injini ikiwa ya moto na unakimbia iwe kwenye 50 au 60 psi hivi.

Hatua ya 7: Makaratasi na stori ya Cooper

Cooper, ile Mini ya mwendo kasi, ilitoka 1961, Cooper S yenye nguvu zaidi 1963, na zikashinda rali ya Monte Carlo 1964, 1965 na 1967, ndo maana kila mwenye mistari miwili kwenye boneti anataka uamini yake ni Cooper. Mistari na beji zinanunuliwa. Cooper S ya miaka ya 60 silinda hedi yake imefungwa sehemu 11, injini za kawaida ni 9, hesabu. Ila injini inahamishika nayo, kwahiyo namba ya bodi na kumbukumbu za gari ndo mwamuzi. Namba ya injini ikiwa tofauti na kadi sio wizi moja kwa moja, kwenye gari iliyomodifaiwa ni kawaida, ila muuzaji aibadilishe kwenye makaratasi kabla hujalipa, sio baada.

Bei sasa. Usimlipie risiti zake, kwamba ametumia kiasi flani kwenye rimu na viti ni furaha yake yeye. Panga bei ya Mini ya kawaida yenye bati kama hilo, ongeza kidogo kwa vitu vizuri ambavyo ungeviweka mwenyewe, toa gharama ya kurekebisha usivyotaka. Na viti vya zamani, usukani, rimu na kabureta ya mwanzo kama viko stoo viingie kwenye mkataba kwa maandishi, maana ukishaondoka na gari huwa "vimepotea".