"Leave Lamu" si "leave for Lamu"
Kwa manahodha na wenzangu mnaopanga safari za wageni kwa simu: mgeni akiandika "leave Lamu", Lamu ndipo anapotoka, akitia "for" katikati, ndipo anapokwenda. Itafuteni hiyo "for" kabla ya kutuma boti Mokowe, gati ya upande wa bara wanakopandia wanaokuja Lamu. Sababu iko kwenye asili: katika Kiingereza cha kale, lǣfan ilikuwa na maana ya kubakisha, hata kumwachia mtu urithi, kwa hivyo kinachotajwa papo hapo ndicho kinachoachwa nyuma. Kwa mdomo, mashine ya boti ikivuma, "for" humezwa. Hapo muulize waziwazi anakwenda wapi. Na "on leave" isikuchanganye: hiyo ni likizo, mzizi wake mwingine kabisa, wa ruhusa.