Gari likizimika juu ya reli

Vijana wetu wa Malindi mnaobeba maembe kwenda Mombasa mpaka Mazeras huko, hapa kwetu reli hakuna kwa hivyo hamjazoea, nisikizeni mimi niliyekaa miaka kwenye kichwa cha treni ya mizigo.

Usiingie kwenye reli mpaka uone mbele pana nafasi ya gari lako lote, hata nyuma wapige honi vipi, na ukiingia vuka na gia moja, kubadilisha gia hapo katikati ndo gari huzima. Likizima na likikataa kuwaka toa watu wote, utingo pia, mzigo uacheni jamani. Na msikimbie kule treni inakoelekea, tokeni pembeni mbali na reli huku mkielekea upande inakotokea, maana ikigonga vyuma na makreti yote yanarushwa mbele.

Kama treni haijaonekana mtu akimbie kando ya reli apunge kitambaa chekundu, usiku tochi ya simu. Aende mbali, treni iliyojaa yaweza kutaka kilomita nzima na zaidi kusimama. Sisi kichwa kikiharibika njiani gadi, yule msimamizi wa treni, alirudi nyuma kwa miguu kutega fataki juu ya reli, treni nyingine ikizikanyaga zinalia, dereva anafunga breki. Lakini dereva hana usukani wa kukwepa wanangu, siku moja tumeshafunga breki zote namuona mwenye pikapu ananitazama, mkono bado uko kwenye ufunguo. Aliruka, alhamdulillahi.