Kabla ya kuchora programu, kaa kwenye meza ya fundi simu: zoezi la wiki sita kwa vyuo vya Mtwara na Lindi

Mwanachuo wa TEHAMA akipewa mradi wa kumsaidia mkulima wa korosho, wazo la kwanza huwa ni programu ya simu janja. Itachorwa ikapendeza, itawekewa picha na ramani, itataka Android ya karibuni na bando kila siku. Mkulima wa Kitangari au wa Mnacho ana kitochi, simu ndogo ya batani. Ili programu imfae inabidi anunue simu nyingine, na ile aliyonayo, nzima kabisa, itupwe kabatini. Usanifu wa namna hiyo umezaa takataka kabla haujamsaidia mtu.

Eli Blevis wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, aliliweka wazi jambo hili mwaka 2007 alipoandika juu ya usanifu wa mwingiliano endelevu: kila kipya kinachobuniwa kina cha zamani kinachotupwa kwa sababu yake, na mbunifu anawajibika kwa vyote viwili. Programu haina uzito, lakini ndiyo inayoamua ni lini kifaa chenye uzito kitatupwa. WhatsApp ilipoacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 mwaka 2025, hakuna kioo kilichopasuka wala betri iliyokufa kwa ajili hiyo, ila simu hizo zilipungua kazi papo hapo.

Mwanafunzi hawezi kulielewa hili kwa slaidi. Zoezi lifuatalo ni la darasa la watu 24, makundi sita ya wanne wanne. Lipange muhula wa pili, kuanzia mwezi wa tano: mvua zinakuwa zimekwisha na njia za vijijini zinapitika. Epuka Oktoba hadi Desemba. Wakati huo malipo ya korosho yanatoka, meza za mafundi zimejaa, na hakuna mwenye nafasi ya kujibu maswali yako.

Barua ianze wiki tatu kabla. Inatoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kundi likiruka ngazi moja, litarudishwa na siku imepotea.

Wiki ya kwanza: simu zote zilizomo ndani

Kila mwanafunzi atembelee kaya tatu. Kwa darasa zima ni kaya 72, zinatosha kuona mwelekeo. Asiulize "una simu ngapi?", kwa kuwa mtu huhesabu inayowaka tu. Aombe: "Mama, naomba tuzione simu zote zilizomo ndani, nzima na mbovu." Kwa kila simu aandike aina, umri, ilipatikanaje (mpya, ya mkononi, zawadi, ya marehemu), wangapi wanaitumia, na kwa nini iliachwa.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye utafiti. "Iliharibika" si jibu. Achimbe mpaka ajue: ni kioo, tundu la chaji, betri, kumbukumbu kujaa, programu kukataa, nywila kusahauliwa, au aibu tu ya kuonekana na simu ya batani? Aibu iandikwe kama ilivyo. Blevis mwenyewe aliona kwamba kitu kikishakuwa sehemu ya jinsi mtu anavyojitambulisha, kinatupwa kikiwa bado kinafanya kazi, na hilo hakuna fundi awezaye kulitengeneza.

Namba ya IMEI, ile inayoitambulisha kila simu, isiandikwe, wala picha za ndani ya simu zisifunguliwe. Mpe kila kaya alama yako, K1, K2 na kuendelea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mwanafunzi mwenye daftari sawasawa na inavyoihusu kampuni.

Wiki ya pili: meza ya fundi

Wanafunzi wawili kwa meza moja, wasizidi, kwa saa nne. Wanne wakijipanga mbele ya meza wanaziba wateja. Mlipe fundi muda wake. Kiasi mkubaliane kabla ya kukaa. Fundi mtu mzima anaamkiwa shikamoo, na siku hiyo yeye ndiye mwalimu. Kosa kubwa hapa ni mwanafunzi kuanza kumweleza fundi namna bora ya kufanya kazi yake. Mazungumzo yanafungwa palepale, hata kama fundi anaendelea kutabasamu.

Kwa kila simu inayofika waandike: mteja amelalamikia nini, fundi amekuta nini, spea imetoka wapi, imechukua dakika ngapi, imepona au la. Safu ya spea huwashangaza wengi. Vioo na tundu za chaji hununuliwa, lakini skrubu, spika, maiki, mikanda ya ndani na hata vipande vya bodi hutolewa kwenye mikweche iliyojaa kwenye boksi chini ya meza. Kile ambacho mwanafunzi angekiita takataka ni ghala. Muulizeni fundi ni simu zipi haziwezekani na kwa nini: betri iliyogandishwa kwa gundi, kioo kisichotoka bila kuvunjika, skrubu zisizo na bisibisi yake mjini. Orodha hiyo ndiyo itakayotumika wiki ya nne.

Wiki ya tatu: kuufungua mkono

Kila kundi liwe na mita ya kawaida ya kupimia volti (multimita), mita ya USB ya kusoma mAh, yaani kipimo cha chaji inayoingia kwenye betri, bisibisi ndogo za nyota na za pembe sita, kipini cha plastiki cha kufungulia, mswaki laini, ufutio wa penseli, mililita 100 za pombe ya kusafishia (isopropili) ya asilimia 90 kwenda juu, na kitochi kimoja kibovu chenye betri ya kutoka. Darasa zima liwe na ndoo moja ya mchanga mkavu.

Anza na betri. Betri ya lithiamu ya simu ya kawaida ikijaa husoma volti 4.2. Ikisoma chini ya 2.5, usijaribu kuifufua kwa chaja ya kienyeji. Imeshaharibika ndani na inaweza kushika moto. Iliyovimba haitobolewi wala haikandamizwi irudi ndani. Bandika utepe wa gundi kwenye ncha zake, ifukie kwenye ndoo ya mchanga, iweke nje kivulini. Mwisho wa zoezi ipelekwe kwa mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Shimo la taka la chuo si mahali pake.

Volti peke yake haikuambii betri imebakiwa na nini. Betri mbovu ikitoka kwenye chaji nayo husoma 4.2, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Njia ya uhakika ni hii: tumia simu mpaka ijizime yenyewe, ichaji ikiwa imezimwa kupitia mita ya USB mpaka ijae, andika mAh. Kisha weka betri mpya ndani ya simu ileile, kwa chaja ileile, rudia. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Ukipata 620 kwa 980, betri ya zamani imebakiwa na asilimia 63. Usilinganishe na kilichoandikwa kwenye ganda. BL-5C halisi, betri ya vitochi vya Nokia, imeandikwa 1,020 mAh. Ukikuta ya ukubwa uleule imeandikwa mara mbili ya hapo, ganda linasema uongo.

Kisha bodi. Kwa simu za Mikindani na Msimbati utakuta ukijani kwenye migusano ya shaba: chumvi ya bahari imevuta unyevu, na umeme wa betri umeharakisha kutu. Toa betri kwanza, ndipo usugue kwa mswaki uliochovya pombe, uanike kivulini nusu saa. Simu iliyotumbukia baharini isuuzwe kwanza kwa maji safi yasiyo na chumvi, betri ikiwa nje, halafu pombe. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii, kwa kuwa maji yatakauka na chumvi itabaki palepale ikiendelea kula.

Simu za Newala na Tandahimba zina adui mwingine. Mkulima anapopulizia mikorosho salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, simu iko mfukoni. Salfa hugeuza shaba na fedha kuwa nyeusi, na weusi huo pombe haiutoi. Sugua mgusano taratibu kwa ufutio wa penseli mpaka ung'ae, kisha futa mabaki kwa pombe. Mwulize mwenye simu kama huwa nayo shambani siku za kupulizia. Kimfuko cha plastiki cha kufungwa kinaokoa simu kwa gharama ndogo kuliko programu yoyote, na mwanafunzi atakayelipendekeza hilo apewe alama kamili.

Wiki ya nne na ya tano: kusanifu

Sasa ndipo wachore. Kazi ni moja kwa makundi yote: mkulima ajue bei ya mnada na fedha atakayopata. Sharti ni moja pia: kila simu inayowaka kati ya zile za kaya 72 iweze kuitumia. Kwa sharti hilo programu ya simu janja inaanguka yenyewe. Inabaki ujumbe mfupi, menyu ya nyota na reli (inayoanza kwa * na kuishia kwa #), sauti, au njia isiyo ya simu.

Wafundishe kuhesabu herufi. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160, ukurasa wa menyu ya nyota na reli 182. Chukua huu, wenye tarakimu za mfano:

"Mnada wa leo: kilo Sh 2,900. Makato Sh 190. Unapata Sh 2,710. Mzigo wako kilo 412. Jumla Sh 1,116,520."

Ni herufi 102, unaenda kwa ujumbe mmoja. Mwanafunzi akiongeza kijikatuni cha kutabasamu mwishoni, mfumo mzima wa herufi unabadilika, nafasi inashuka hadi 70, na ujumbe unakatwa vipande viwili vya kulipiwa. Vivyo hivyo kwa ritifaa iliyopinda: andika "ng'ombe" kwa kompyuta inayopindisha ritifaa yenyewe, na gharama yako imeongezeka maradufu bila wewe kujua. Tumia ritifaa iliyonyooka.

Menyu ya nyota na reli isizidi hatua tatu. Mtu akisoma polepole kikao kinakatika, anarudi mwanzo, na akirudishwa mara mbili anaacha. Ijaribiwe na mtu mzima asiyevaa miwani, kwenye kitochi chenye kioo kilichokwaruzika, juani. Majaribio ya darasani chini ya feni hayana thamani.

Kundi moja lazima lipewe kazi ya kusanifu bila kifaa kabisa. Ofisi za AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zina ubao wa matangazo. Ubao ukiandikwa bei, makato na jumla kwa hati kubwa, watu wengi kwa pamoja wanasoma, wanabishana, wanasahihisha hesabu ya karani palepale. Kundi hili lisionekane limepewa kazi duni. Mara nyingi ndilo lenye jibu, na makundi mengine yaeleze usanifu wao unaongeza nini juu ya ubao.

Wiki ya sita: kusahihisha

Blevis alitoa ngazi kumi za kupima kitu kilichosanifiwa kinafanya nini kwa vifaa, kuanzia kusababisha kutupwa, kupitia kuokoa vipuri, kuchakata, kutumia tena, kudumu, kushirikiana na kufanywa urithi, hadi kupata njia mbadala njema na kurekebisha matumizi mabaya. Kila kundi lijipime humo na lioneshe ushahidi kutoka wiki ya kwanza na ya pili. Anayedai "inadumu" aseme ni simu ngapi kati ya zilizohesabiwa, za umri gani.

Alama 40 zitoke kwenye daftari la kaya na la fundi, 20 kwenye vipimo vya betri, 40 kwenye usanifu. Mwalimu akipindua mgawanyo huo, akaweka 70 kwenye usanifu, wanafunzi watatunga daftari usiku wa kuamkia kukabidhi. Utawajua kwa wino: kurasa zote rangi moja, mwandiko mmoja, na hakuna simu hata moja iliyoachwa kwa sababu ya aibu.

Matokeo yarudishwe. Kurasa mbili za Kiswahili kwa mtendaji, na nakala moja kwa fundi ikiwa na orodha ya spea zilizokosekana mara nyingi kwenye meza zote. Orodha hiyo anaihitaji safari ijayo ya kuagiza mzigo Dar es Salaam.