Kifurushi kikigoma kwenye mashine pepe, tazama saa kwanza

Nilikesha nikihangaika kusakinisha libpq-dev, kifurushi cha kuunganisha programu na hifadhidata ya PostgreSQL, kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) yenye Ubuntu. Kwenye kompyuta yangu kiliingia mara moja, lakini kwenye mashine pepe kikaniletea 404, yaani faili halikupatikana, kila nilipojaribu. Nikabadilisha anwani za hazina, nikafuta akiba ya apt (programu ya Ubuntu ya kusakinisha vifurushi), wapi! Jibu lilikuwa kwenye mstari nilioupita mbio wakati wa apt update: Release file is not valid yet, yaani muda wa faili la orodha kuwa halali bado haujafika.

Mashine ile nilikuwa nimeisimamisha kwa siku 3, na ilipoamka saa yake ilikuwa bado kule kule ilikolala. Orodha mpya ya vifurushi ikaonekana imetoka siku zijazo, apt ikaikataa, ikabaki kutafuta toleo la zamani lililokwisha kuondolewa.

Kwa hiyo andika timedatectl usome tarehe kwa makini, mwaka na eneo la saa pia. Ikiwa si ya leo, endesha sudo timedatectl set-ntp true ili saa ijirekebishe kupitia mtandao, subiri kidogo, kisha sudo apt update. Orodha ikipita bila onyo, ndipo usakinishe.

Saa ikiwa sawa, pima nafasi ya diski kwa df -h. Halafu RAM: pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python) ikijenga kifurushi kutoka msimbo, mashine ya MB 512 hulemewa, na unachoona ni neno Killed tu. Amri ya sudo dmesg, inayoonyesha ujumbe wa kiini cha mfumo, ikitoa Out of memory (RAM imekwisha), izime mashine, iongezee RAM, ujaribu tena. Tafadhali usiifute mashine kabla ya kusoma ujumbe wote, tangu mstari wa juu.