Ukibaguliwa kazini kwa dini yako, hesabu siku

Ndugu zangu wa mashamba ya chai Mufindi na Tukuyu, na nyie wa maduka ya Mwanjelwa: ukinyimwa kazi kwa sababu ni Msabato au Mwislamu, usiishie kuwalalamikia wenzako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza waziwazi ubaguzi wa dini, na inamlinda hata anayeomba kazi. Siku hiyohiyo andika tarehe, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo. Ukiachishwa kazi, una siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine ni siku 60. Dada mmoja ninayemfahamu alisubiri msimu uishe ndipo aende. Siku zilikuwa zimepita, na iliniuma sana.