Kijana anapochanganyikiwa kwa mara ya kwanza: kumfikisha kwenye tiba na kumtunza mwaka wa kwanza

Mtaani tunasema "karukwa na akili", "kapandisha", "kachanganyikiwa". Hospitalini wanaita saikosisi. Mtu anasikia sauti na hakuna anayezungumza, anashikilia kwamba majirani wanamfuatilia, au anaanza sentensi kwenye ada ya shule na kuimalizia kwenye habari za mbinguni. Saikosisi yenyewe ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na kinachoileta hutofautiana.

Wala si jambo la nadra. Katika watu 100, takriban 3 hupatwa nayo walau mara moja maishani. Wengi huanza kati ya miaka 16 na 30, wanaume mapema kidogo kuliko wanawake. Sekondari yenye wanafunzi 600 ina 18 hivi ambao itawapitia. Anayeuliza "kwa nini nyumba yetu tu?" ajue kuna wenzake wengi, ila wamefunga milango.

Kinachoharibu zaidi ni muda unaopita bila tiba. Hata Marekani, utafiti mkubwa uitwao RAISE ulikuta nusu ya wagonjwa wamekaa wiki 74 au zaidi kabla ya kutibiwa, wakati lengo linalokubalika ni kutozidi miezi 3. Kadiri tiba inavyochelewa ndivyo nafuu inavyokuwa ngumu, na huku shule, kazi na marafiki vinampotea.

Kabla ya kusema ni akili, mguse paji la uso

Aliyebadilika ndani ya saa au siku chache, ana homa, shingo imekaza, amepata degedege, ameanguka na kuumia kichwa, au hajui yuko wapi, apelekwe hospitali yoyote iliyo karibu leo hii. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo na sukari iliyoshuka huonekana hivyohivyo, na huua. Mlevi wa muda mrefu aliyeacha pombe siku mbili tatu zilizopita, sasa anatetemeka na kuona wadudu ukutani, naye ni dharura.

Mzazi aliyejifungua wiki chache zilizopita na sasa kachanganyikiwa ni dharura pia. Hali hii huwapata kina mama 1 hadi 2 katika kila uzazi 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika tano.

Daftari

Nunua daftari dogo na uandike ulichoona na siku uliyokiona, bila kukipa jina. "Ana wazimu" haimsaidii daktari. Hii inamsaidia:

Jumatatu: hakulala, alizunguka uani hadi alfajiri.
Jumatano: alichomoa waya wa TV, akasema mtangazaji anamtukana.
Ijumaa: kakataa ugali wa nyumbani, kala mayai ya kuchemsha aliyoyamenya mwenyewe.

Huo mstari wa mayai una uzito kuliko unavyodhani: unaonyesha anaogopa kuwekewa sumu, na hilo huenda asilitamke mbele ya daktari. Ongeza lini mabadiliko yalianza (mara nyingi ni miezi kabla: usingizi kugeuka, kujitenga, kuacha kuoga, maksi kushuka), bangi, mirungi au pombe, kifafa, ndugu aliyewahi kuugua hivyo, na kama amewahi kutaja kufa. Dawa zote anazotumia, za kifua kikuu, VVU au miti shamba, zichukue na vifungashio vyake.

Kumshawishi aende

Usibishane na sauti wala usikubaliane nazo. Sema: "Mimi sizisikii, ila naona zinakutisha." Aongee mtu mmoja anayemwamini, mara nyingi shangazi, bibi au rafiki wa zamani, redio ikiwa imezimwa na njia ya mlangoni ikiwa wazi. Anzia kwenye linalomkera yeye, na karibu kila mara ni usingizi: "Twende wakakusaidie ulale." Huo ni ukweli. Kumwambia mnaenda kwa mjomba kisha mkaingia geti la hospitali ni kumthibitishia kwamba kweli mnamfanyia njama.

Kwa Tanzania, si lazima muanzie Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, na jina hilo linawatisha watu bure. Anzieni hospitali ya wilaya au ya mkoa na muulizie muuguzi wa afya ya akili. Rufaa ya Mirembe au Muhimbili itatoka huko ikihitajika. Wa Zanzibar wana hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu. Ombeni vipimo vya malaria, sukari, VVU na kaswende, kwa sababu matatizo hayo nayo yanaweza kumchanganya mtu, na kila moja lina tiba yake.

Maombi na mganga tusivigombee sana, maana familia nyingi zitakwenda tu. Ila masharti yasijadiliwe: asifungwe mnyororo, asipigwe, asifungishwe mfungo, dawa isikatizwe.

Dawa na mahali familia zinapokwama

Haloperidol, chlorpromazine, risperidone na olanzapine ndizo atakazokutana nazo. Mgonjwa mpya huanzishiwa dozi ndogo. Kwa haloperidol, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaanzia miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku. Usingizi na utulivu huja ndani ya siku chache, lakini sauti na hofu huchukua wiki 4 hadi 6 kupungua. Wengi hukata tamaa wiki ya pili.

Siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kupinda, macho kugeukia juu, ulimi ukawa mzito. Nyumba nzima hupiga kelele "pepo!" Si pepo. Ni misuli imekaza kwa sababu ya dawa, na hospitalini kuna dawa ya kuilegeza, nyingine kwa sindano inayofanya kazi upesi. Wengine hushindwa kutulia kwenye kiti, wanakanyagakanyaga chini. Familia huona ugonjwa umezidi na kuongeza kidonge, kumbe kidonge ndicho kinachomkosesha raha. Mrudisheni kliniki dozi iangaliwe. Olanzapine huongeza hamu ya kula, basi apimwe uzito siku ya kwanza na kila mwezi. Akipata homa kali, mwili mzima ukakakamaa na akapotewa na fahamu, msimpe dozi nyingine, kimbieni hospitali.

Kosa kubwa hutokea akishapona. Anaacha dawa mwezi wa tatu, wiki inapita salama, kila mtu anasema "si mnaona?" Ugonjwa haurudi kesho yake. Hurudi baada ya wiki au miezi, kwa hiyo hakuna anayeuhusisha na vidonge vilivyoachwa. Kuacha mapema huongeza hatari ya kurudiwa karibu mara tano. Dawa huendelea walau miezi 12 baada ya dalili kwisha, na kuiacha ni kwa kupunguza taratibu pamoja na daktari. Anayesahau aulizie sindano ya mwezi.

Baada ya dhoruba

Sauti zikinyamaza, hubaki mtu mzito: analala sana, haongei, anaona aibu kwa aliyoyafanya mbele ya mtaa. Msimwite mvivu. Mpeni kazi yenye mwisho unaoonekana, kama ndoo mbili za maji au kukaa dukani saa 2 hadi saa 4 asubuhi, kisha mwongeze. Mwaka huu wa kwanza ndio wenye hatari kubwa ya kujiua, kwa hiyo dawa za kuulia wadudu shambani zitoke ndani na vidonge vyake vitunzwe na mtu mmoja. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kufa hakumpandikizii wazo hilo.

Akiwa mzima, kaeni naye mwandike nyuma ya kadi ya kliniki dalili zake tatu za mwanzo kabisa, kwa maneno yake mwenyewe. Wengi huweka usingizi namba moja. Chini yake iwekwe namba ya simu ya muuguzi, na mkubaliane kwamba usiku wa pili bila kulala hausubiri wa tatu.